Sauti Mbele, Picha Nyuma

Jumatano, 12 Juni
Jumamosi tunaondoa matanga ya mke wangu, Léocadie. Mwaka mmoja tayari. Naomie, binti yetu, yuko Kanada, mjamzito wa miezi saba. Atafuatilia ibada kwenye simu. Gracien, shemeji yangu, analeta modemu yake. Ameipanga ipitishe sauti mbele, picha nyuma. Anasema vyote husafiri kwa vipande vidogo. Njia ikijaa, vya picha vingoje. Bila shaka. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya. Na mimi niliyekuza picha ya marehemu, nikaitia fremu, nikapaka sebule rangi ya samawati? Nani ataviona?

Alhamisi, 13 Juni
Nimekwenda kwa Patient, fundi wa simu hapa Kasenga. Nikamuuliza, kwa kujifanya mjinga, kama mpango huo unageuzika. Akasema, "Papa Naomie, picha ikikwama, muntu anangojea. Sauti ikikatika, maneno imepotea." Kisha akanionyesha pa kubonyeza. Fundi mzuri, ila anaongea mno.

Ijumaa, 14 Juni
Gracien ameacha modemu, akaenda mazoezini. Limebaki neno la siri. Nikajaribu jina lake. Hapana. Jina la kwaya. Hapana. Jina la Léocadie. Ikafunguka.
Niliketi kitandani kidogo. Alikuwa dada yake wa pekee.
Kisha nikageuza. Picha mbele.

Jumamosi, 15 Juni
Picha safi ajabu. Naomie aliandika kwamba anaona hata kifungo changu kilichokatika. Sauti, hakuna. Mtandao ulikuwa mwembamba, na picha iliumaliza wote. Nilisimama nikasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Naomie akaandika: Papa, nimekuona unalia. Ulisema nini?

Jumapili, 16 Juni
Nimeungama kwa Gracien. "Shemeji, weye iko muntu gani? Minye naimba, mutoto anaona midomo ya samaki!"
Lakini hakunifokea. Alimpigia Naomie, sauti tupu, akanipa simu. Nikarudia. Kwamba tangu Naomie aondoke, mama yake alipokaanga ndagala, dagaa wetu, aliweka kando sahani moja, kila jioni. Nikimwambia Kanada ni mbali, anajibu ninyamaze, njia ni njia.
Nilisikia pumzi ya Naomie tu, nayo haikukatika hata mara moja. Gracien alitoka nje, eti anaangalia kama mvua inakuja. Mwezi wa Juni, kiangazi.

Jumatatu, 17 Juni
Mtoto atazaliwa Agosti. Gracien ameshaamua: siku hiyo sauti mbele, tukisikie vizuri kilio chake cha kwanza. Nimekubali kwa heshima. Nimemshukuru hata.
Jioni nitapita kwa Patient, nimuulize mambo mawili matatu. Kilio hakiwezi kunionyesha kama ana paji la uso la bibi yake.