Darasa Langu na Darasa la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Darasa langu la kuandika barua: wanafunzi watatu. Mmoja amelala. Mwenyekiti wa ukumbi wa mtaa kasema nisipofikisha kumi, Ijumaa ananifuta. La shemeji yangu, dada wa mke wangu, fundi cherehani: ishirini na wawili! Mimi karani mstaafu, yeye ana futi shingoni tu. Lazima ni uchawi. Au biskuti.

Jumanne, 4 Machi
Nimempeleleza. Nimejifanya naleta suruali ya kupunguzwa. Hakuna biskuti. Mshono mmoja anaueleza kwa mdomo, anauchora ubaoni, kisha anapitisha kitambaa kipapaswe. Mzee asiyeona kapitisha kidole, kacheka, kaelewa kabla yangu! Bibi mwenye miguu dhaifu anashonea cherehani ya mkono. Kiziwi anafuata michoro. Wote meza moja, hakuna aliyetengwa. Nikamuuliza michoro yote hiyo ya nini.

"Shemeji, niliichora kwa ajili ya mmoja, wakaipenda wote."

Nimetoka nikipenga kamasi. Vumbi la pamba, bila shaka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwiga! Tangazo: BARUA KWA WATU WOTE. Maelezo kwa herufi ndogondogo, yaenee. Darasa ghorofani, penye utulivu. Wamekuja wawili. Yule wa kulala kahama. Muuza maua wa mtaani kwetu kabaki chini ya ngazi na kiti chake cha magurudumu, akapaza sauti kuuliza kama hao "wote" wanaanzia ghorofa ya kwanza. Nikajificha nyuma ya kabati.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji hakunicheka. Mke wangu alicheka kwa niaba yake. Shemeji kasogeza meza, kanipa nusu ya chumba chake cha chini. Kaandika tangazo upya, herufi kubwa, na picha ya bahasha. Kaniamuru nisome kwa sauti kila ninachoandika ubaoni. Kumi na saba! Mzee asiyeona katamka barua yake, bibi kamwandikia. Muuza maua kamwandikia kaka yake, wamenuniana miaka tisa. Huyu shemeji ni hodari. Nasema humu tu.

Jumatatu, 17 Machi
Kaka amejibu! Anakuja. Muuza maua kasoma barua mbele ya wote. Wakampigia makofi shemeji. Hata mimi, mikono ikauma.

Basi, siri yake ninayo. Nafungua kozi yangu mwenyewe: NAMNA YA KUMKARIBISHA KILA MTU. Nimeshabandika tangazo. Kuingia ni kwa mtihani mgumu. Watakaoshindwa watarudishwa mlangoni.