Tumbo la Binti wa Muuza Maziwa

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Daktari kasema tumbo la binti yangu haliwezi kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa. Si ugonjwa wa kutisha, watoto wengi wako hivyo. Tumpunguzie maziwa, tujaribu mtindi kidogo kidogo, tuone anavumilia kiasi gani. Nikamwomba apunguze sauti. Mimi ndiye muuza maziwa! Na nyuma yangu kwenye foleni ya zahanati, mlango ukiwa wazi, alikuwa Kidevu, muuza juisi wa ng'ambo ya barabara, masikio yamemsimama.

Jumanne, 4 Machi

Kidevu anamuuliza kila mteja wangu kama mtoto hajambo. Mnafiki! Mke wangu kapiga marufuku maziwa kwa mtoto. Nimekubali kwa mdomo. Lakini si daktari alisema kidogo kidogo? Nikatia kidogo kwenye uji. Kisha kidogo kingine. Mchana mwalimu akapiga simu: tumbo linanguruma darasa zima linasikia, mtoto hatoki chooni. Nimemhurumia kweli. Mama yake nimemwambia ni maharage.

Alhamisi, 6 Machi

Wateja wamepungua. Nimepata akili! Nimemsimamisha binti mbele ya duka, umati umejaa, nikampa glasi ya maziwa ya soya. Weupe ni weupe, nani atajua? Kaimaliza yote. Kidevu karudi kwenye juisi yake! Ndipo mtoto akatangaza kwamba haya ya soya matamu, wala hayamuumizi kama yale niliyomtilia kwenye uji. Mke wangu alikuwa wapi? Nyuma yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala sebuleni, lakini neema imeshuka! Akina mama wamepanga foleni wanataka soya. Kumbe watoto wao nao matumbo ni hayo hayo! Soya ikaanza kuisha. Nikaiongezea maziwa ya ng'ombe, nusu kwa nusu. Kufikia jioni, mtaa mzima ulikuwa unagombea vyoo. Daktari kaja dukani mwenyewe. Sitaandika aliyoniambia.

Jumapili, 9 Machi

Binti alikuwa na kiu. Nikampelekea maji. Maji matupu! Akakiangalia kikombe, akaniangalia mimi, akampelekea mama yake aonje kwanza. Iliniuma, machozi yakanilengalenga. Mwanangu mwenyewe haniamini!

Nimeshinda nikiwaza namna ya kurudisha imani yake. Nimeipata. Kesho namnunulia mke wangu viatu vile anavyovitamani. Mwonjaji akiwa upande wangu, mtoto atakunywa chochote.