Kumwokoa Mtu Kabla ya Thaddée

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Mafunzo ya huduma ya kwanza yameanza kwenye parokia yetu, hapa Nyamianda. Anayefundisha ni Masera Pélagie, mtawa na muganga wa hospitali. Tulikandamiza kifua cha sanamu ya plastiki isiyopumua. Zamu yangu, kichwa kikatoka. Masera akasema Jumapili atachagua mkubwa wa ekipe, kikundi chetu cha waokoaji, naye ndiye atavaa jile, kile kizibao cha rangi ya machungwa. Ile jile minye naitaka. Hapa kartie, mtaani kwetu, wananiita ndugu ya Claire, dada yangu, basi, kama vile sina jina. Shida ni Thaddée, fundi viatu, anayesikiliza kila neno. Lazima niokoe mtu kabla yake.

Jumatano, tarehe 5
Nimezunguka ufukweni mwa ziwa asubuhi nzima, nikitafuta mtu wa kuzama. Wote wanajua kuogelea. Nimemwomba rafiki yangu Fiston, mvuvi, azame kidogo tu. Akasema maji iko baridi, nizame mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 6
Mzee Ildephonse, jirani yetu, amefariki. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwenye kilio, pale msibani, watu wanazimia. Nikakaa karibu na wanawake. Mama Ernestine, dada ya marehemu, akalia, akajitupa chini kama dada wote wanavyofanya kwetu, kisha akanyamaza. Masera alisema kwanza umwite mtu, umtikise bega, uangalie kama anapumua. Lakini Thaddée alikuwa ameanza kusimama! Nikaruka, nikamkandamiza kifua. Mama Ernestine akafungua macho, akanichapa kofi, akauliza nani amesema naye amekufa. Alikuwa anapumzika ili alie tena. Wajomba wa familia wakanitoa nje.

Jumamosi, tarehe 8
Nimerudi kilioni kuomba msamaha. Mama Ernestine ana moyo mzuri. Akanipa bugali na nyama, akasema kula, mwanangu, labda ni njaa ilikuchanganya. Nikawa natafuna huku nawaeleza watu, kwa sauti kubwa, namna ya kumsaidia aliyekabwa na chakula. Nyama ikanikaba. Sauti ikakatika. Nikashika koo, nikapiga meza. Watu wakasema naonyesha vizuri kabisa. Mmoja akaomba nirudie.
Thaddée peke yake alikuja. Akaniuliza kama naweza kusema. Sikuweza. Akanipiga mgongoni, haikutoka. Akanikumbatia kwa nyuma, akanibana tumbo, nyama ikaruka. Niliogopa sana kufa. Nilimuwaza mama yangu. Thaddée akanishika mpaka nikatulia, wala hakunicheka.

Jumapili, tarehe 9
Baada ya misa Thaddée amepewa jile. Nimepiga makofi kwa moyo wote. Bila yeye leo wangekuwa wananililia minye.
Lakini nimefika nyumbani, nimefikiri vizuri. Bila koo langu, Thaddée angeokoa nani? Nimemweleza Masera. Akacheka, akasema nafasi ya msaidizi wa mkubwa bado iko wazi, kwa mtu atakayeonyesha utulivu.
Juma lijalo kuna ndoa kule Lubarika. Nasikia watachinja ng'ombe mzee sana. Nitafika mapema, nichague kiti katikati ya wazee wasio na meno.