Ombi la Kusalimishwa kwa Simu ya Shangazi

Kwa Mwenyekiti wa Kikao cha Familia,
Shangazi Mkubwa,

Shikamoo.

YAH: SIMU YAKO YENYE KIOO KILICHOPASUKA

Kwa miaka sita sasa, tangu kaka yako, yaani baba yangu, atutoke, nimekuwa nikipambana na swali moja: ni nini hasa kinachozuia kitu kisipotee? Ni wingi wa nakala zake, au ni ukaidi wa mtu aliyekishika? Chuoni nilifundishwa kwamba ni wingi wa nakala. Kazini nimeajiriwa kwa imani hiyo hiyo. Ni wewe peke yako unayenitia shaka, na ndiyo maana barua hii inakujia wewe.

Kitu ninachokizungumzia unakijua. Ni ule ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini na moja ambao baba alikutumia siku alipojikuta nje ya nyumba yake mwenyewe: "Dada, hebu mpigie huyo mwenzangu anifungulie mlango. Nimesahau funguo tena. Na usicheke. Najua unacheka." Kila Jumapili saa kumi jioni mama huketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, huusikiliza mara moja, husema, "Haya, inatosha," kisha hutoka kumwagilia maua yake. Sauti nyingine ya baba hatuna. Nimekabidhiwa kuitunza, nami nimeitunza kitaalamu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba mfumo wangu uliuita, mbele ya mama na mafundi rangi wawili, "masanduku matatu ya kuoneana huruma". Ni kweli kwamba ni kompyuta tatu kuukuu: moja nyuma ya televisheni, moja chumba cha wageni, na moja kwenye korido chini ya meza ya kupigia pasi. Hakuna hata moja iliyo bora, na huo ndio uzuri wake. Zamani hifadhi ilikuwa sanduku moja la kifahari, na sanduku likifa, vyote vilivyomo vimekufa nalo. Siku hizi akili haimo kwenye sanduku, imo kwenye programu. Programu ndiyo inayoamua nakala zikae wapi, na mashine moja ikiharibika, zilizobaki huendelea na kazi bila kumwita mtu. Nikifikiri kwa makini, naona ni kweli zinaoneana huruma. Lakini haikuwa haki kulisema huku unacheka.

2. Kwamba mnaudharau mtandao wangu huku mkiendesha wa kwenu bila kibali. Mfumo makini una mitandao miwili. Waya wa buluu ni wa mbele: ndio unaopokea maombi ya watu, kama mama anapotaka kusikiliza. Waya wa njano ni wa nyuma: huo ni wa mashine zenyewe kunong'onezana na kunakiliana, ili shughuli zao zisimcheleweshe anayesubiri. (Baba mdogo alijikwaa kwenye waya wa njano akiwa amebeba sinia la glasi. Aliyoyasema siwezi kuyaandika hapa, nilishamwomba radhi.) Sasa, nyinyi mashangazi pia mna mtandao wa nyuma. Niliponyimwa cheo mwezi wa tatu, habari ilinitangulia nyumbani. Kasi hiyo sijawahi kuifikia kwa waya wowote, na nakiri kwamba nawaonea wivu. Ila nakala zenu hazifanani. Kwa shangazi wa pili nililia. Kwa wa tatu nilimtukana meneja. Kwa wa nne nimechumbiwa. Nakala zangu zikipishana hata herufi moja, mashine hupiga kelele mpaka zirekebishwe. Nyinyi mkipishana, mnasogeza viti karibu.

3. Kwamba mko wanne. Mashine zangu ni tatu kwa makusudi: moja ikipotezana na wenzake, zile mbili ndizo zenye kauli, na ile ya peke yake hunyamaza mpaka irudi kundini. Wanne hugawanyika wawili kwa wawili. Ndiyo maana lango la mama lina bawa moja la kijani na jingine la kahawia hadi leo, na mafundi niliowataja wameshajiondokea. Napendekeza shangazi mmoja astaafu kwa heshima zote. Kama hilo ni gumu, familia iongeze wa tano. Babu hayupo tena, kwa hiyo naelewa kwamba pendekezo la pili lina kasoro.

4. Kwamba hakuna utii. Jumanne nilifanya usafi kwenye hifadhi, nikakuta, kwenye folda mbili tofauti, faili mbili zenye jina lile lile, "Baba funguo". Vitu viwili vyenye jina moja ni uchafu, nikafuta kimoja. Nilibonyeza mara moja tu, na kabla sijainua kidole, agizo lilikwishapita kwenye waya wa njano na kutekelezwa kwenye mashine zote tatu, bila swali, bila "hebu subiri kwanza", bila kuniuliza kama nimekula. Nilikaribia kutokwa na machozi. Nina miaka thelathini na nane katika familia hii, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikilizwa.

5. Kwamba, na hili ndilo kubwa, bado unaishikilia ile simu. Umeifunga kwa mpira wa nywele, na unaiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo na sindano. Ndani yake umo ujumbe ule ule wa baba, niliounakili kutoka humo mwaka juzi. Nimekuomba mara tatu uniletee niufute. Mara ya kwanza ulisema simu imeisha chaji. Mara ya pili ulisema wewe ndiye uliyeisha chaji. Mara ya tatu ulinitazama, ukasema, "Mwanangu, wewe una masanduku matatu. Hiki kimoja changu kinakuwasha nini?" Swali hilo limenichukua wiki mbili. Jibu langu ni kwamba nakala iliyo nje ya mfumo haisikii agizo. Haihesabiwi, haikaguliwi, haisahihishwi. Siku itakapotofautiana na zangu, tutajuaje ukweli uko wapi?

Kwa hiyo naomba simu isalimishwe kabla ya Jumapili saa kumi, ujumbe ufutwe mbele ya mashahidi, na kopo la biskuti libaki kuwa la vifungo.

Nakiri kwamba sina uhakika wa yote niliyoandika. Nimeona kazini mifumo iliyojengwa vizuri kuliko huu ikianguka, nasi tukaandika "chanzo hakijulikani", wakati chanzo kilikuwa kimekaa mezani kikiandika ripoti. Lakini asiyeamini alichokijenga kwa mikono yake ataamini nini?

Wasalimie mashangazi watatu kwa mtandao wowote mtakaoona unafaa, baba mdogo pamoja na goti lake, watoto wote, na jirani anayekusomea barua zangu kwa sauti, ambaye najua ameshafika kwenye habari za uchumba na anataka maelezo.

Wako katika nidhamu ya nakala tatu,
Mtoto wa kaka yako

Nyongeza, Jumamosi asubuhi:

Barua ilikuwa bado haijaondoka. Leo nimeijaribu spika ya sebuleni kwa ajili ya kesho. Faili niliyoibakiza ina sekunde tatu. Mlango unalia kwenye bawaba, mtu anavuta pumzi ili aseme, basi. Ni kipande nilichokikata mwenyewe mwaka juzi nilipokuwa najaribu mitambo, nikakipa jina lile lile la ujumbe mzima. Nimekwenda nyuma ya televisheni, chumba cha wageni na kwenye korido. Zote zina sekunde tatu, na zinafanana hadi herufi ya mwisho. Hakuna mashine iliyopiga kelele kwa sababu hakuna kilichoharibika, zilinitii tu. Nilizifundisha kumlinda baba dhidi ya umeme, waya uliokatika, hata baba mdogo. Sikuzifundisha kumlinda dhidi yangu.

Tafadhali usiisalimishe simu. Usiibonyeze, usimwazime mtu. Mama hajui, na kesho ataketi karibu na dirisha. Njoo nayo ndani ya kopo lake, uishike mwenyewe, na nikinyoosha mkono, nichape kiganja kama zamani. Ningeweza kuichana barua hii, lakini ulistahili kuona nilivyokuwa na uhakika, kwa hiyo baba mdogo anakuletea leo leo.

Lile swali la mwanzo sijalijibu. Ulinikatalia mara tatu, na sijui kama uliona kwamba siku moja nitakosea, au hukutaka tu kuachana na kaka yako. Sitajua, kwa sababu nikikuuliza hutanijibu, utacheka.

Na usicheke, Shangazi. Najua unacheka.