Tawi la Mrehani Chini ya Mto

Ijumaa, 2 Januari

Sikulala tena. Karibu na mapambazuko nilisinzia kidogo, nikaota ule mtihani wa hesabu: mimi bila suruali, mwalimu ni mbuzi. Ndiyo maana usingizi naukimbia. Na nikiutafuta, hauji. Upuuzi mtupu!

Sasa balaa jipya. Veturia, yule mjane jirani, ametangaza mbele ya duka la mikate kwamba amechoka kuposwa na watu wawili. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Epifania, mimi na Pantelimon mfuga nyuki tulalie kila mmoja kijitawi cha mrehani cha padre, kama wafanyavyo wasichana ili wamwote mume. Atakayemwota yeye, ndiye atakayemwoa. Tena tuseme tulichoota baada ya kunywa maji ya baraka, ili pasiwe na uongo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Pantelimon akajigamba kwamba yeye hulala hata juu ya trekta. Ni kweli. Nimemwona. Injini ikinguruma!

Jumamosi, 3 Januari

Nimeanza mazoezi ya kulala. Chai ya maua ya mti wa tei, eti huleta usingizi, birika zima. Miguu kwenye maji ya moto. Kutofikiri chochote. Matokeo: usiku kucha njia ya chooni, na choo chetu kiko ng'ambo ya ua, theluji magotini. Dada yangu Aglaia alichungulia dirishani akaniuliza kama nimeajiriwa kulinda kuku.

Jumapili, 4 Januari

Wazo! Kama siwezi kuuongeza usingizi wangu, nitaupunguza wa Pantelimon. Nimempelekea pakiti ya kahawa kali, eti zawadi ya mwaka mpya. Akanikumbatia, akaniita ndugu yake. Niliona haya. Yakaisha kabla sijafika langoni.

Jumatatu, 5 Januari

Padre Ilarion amepita kubariki nyumba. Kila mtu hupewa kijitawi kimoja. Mimi niliubusu msalaba kwa muda mrefu, mkono wa pili ukachomoa fungu zima kwenye ndoo yake ya maji ya baraka. Padre akaniuliza: "Haralambie, unataka kuota mke au kupika supu?" Aglaia alicheka kama bata. Lakini fungu ninalo, limelowa chepechepe.

Leo ni mfungo. Njaa inauma! Aglaia akanihurumia, akanipa vikombe viwili vya kahawa yake ya shayiri. Leo tamu ajabu. Nimemsifu. Naingia kitandani. Moyo unadunda, macho makavu. Mapenzi haya!

Jumanne, 6 Januari. Epifania

Sikufumba jicho! Mto uliloa, shingo ikapooza, majani yakaniingia puani. Aglaia alipotoka alfajiri kwenda kanisani, nilipiga glasi tatu za gongo ya matunda ya plamu. Nikazama.

Na akaja! Veturia mwenyewe, gauni la kijani, ananisogelea, anafungua kinywa aseme neno... ngo, ngo, ngo! Mlango! Nikapaza sauti kutoka kitandani: "Ondoka zako! Niko na mwanamke!"

Kugonga kukakoma. Ndoto nayo ikakatika.

Mlangoni, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa Veturia. Wa kweli. Na sambusa za jibini, za moto. Yeye naye alilalia mrehani, na aliniota mimi. MIMI! Alikuja tufuatane kanisani.

Alikuwa ameshaondoka; nilimkuta kanisani, kwenye foleni ya maji ya baraka. Nikanywa, nikaapa kwamba mwanamke wa ndotoni alikuwa yeye. Akauliza, "Na yule uliyemfukuza mlangoni alikuwa nani?" Kisha akaninusa. Maji ya baraka hunywewa tumbo tupu, akasema, na kiapo chenye harufu ya plamu yeye hakihesabu. Sambusa zote alikuwa amempa Pantelimon.

Jumatano, 7 Januari

Pantelimon amekiri mbele ya watu kwamba hakuota kitu. Alilala kama gogo. Na kahawa? Eti humharibia usingizi, kwa hiyo alimpa Aglaia. Na Aglaia aliichanganya kwenye shayiri yake! Nimegombana na dada yangu. Ameniambia ningeamka tu nikafungua mlango, leo ningekuwa mchumba wa mtu. Wanawake hawaelewi mambo haya.

Veturia amesema atafikiri mpaka jioni.

Nami nimefikiri. Kosa si kahawa wala gongo. Kosa ni mlango. Ndoto ilikatwa katikati, na ndoto iliyokatwa lazima imaliziwe, ili nijue alitaka kuniambia nini. Mrehani ninao bado. Gongo ipo. Nimeupigilia mlango wa chumba misumari, na masikioni nimetia sufi.

Naanza kusinzia. Kwa mara ya kwanza mwaka huu, bila chai!

Kuna mtu anagonga. Aglaia anapiga kelele kutoka ukumbini, kitu kuhusu mgeni, kitu kuhusu sambusa. Nimewajibu wote wawili waondoke. Namngoja Veturia.