Jicho Lililouza Majeneza

Jumatatu, 4 Machi

Majeneza mawili kabla ya saa nne! Yote kwa jicho langu la kushoto. Mwaka wa pili huu linachuruzika, mvua na jua, na wala silii. Lakini mfiwa akiingia dukani anakuta muuzaji shavu limelowa, moyo unamlainika. Leo bibi mmoja alinipa leso yake. Akaniambia nijikaze, marehemu amepumzika. Nikajikaza. Akachukua lile la mbao za mninga lenye vishikio vya shaba.

Siri iko kwenye kiti. Nakaa ubavu, shavu la kushoto upande wa mteja. La kulia ni kavu kama ubao.

Bosi anasema nina moyo wa huruma. Msasa, fundi wetu wa vanishi, anasema nina jicho bovu. Wivu tu! Anakitaka kiti changu tangu vumbi la mbao lianze kumkohoza. Mke wangu yuko upande wa Msasa. Anataka niende hospitali, eti mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia kwa kazi yangu huo si msemo wa kutisha, ni tangazo.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Nimeamka na uvimbe kando ya pua, mwekundu, unapwita. Nikavaa miwani ya jua, nikaenda kazini hivyo hivyo. Mteja akadhani nimepigwa. Msasa akamweleza kwa upole kwamba ni pombe. Pombe! Mimi! Kabla sijajitetea mke wangu akaingia, akanishika mkono mbele ya watu wote, moja kwa moja hospitali ya macho.

Daktari ni mama mtaratibu mwenye vidole vya baridi. Akabonyeza uvimbe, usaha ukachungulia kwenye kona ya jicho. Akaeleza kwamba machozi yana mfereji wake, unateremka kutoka konani hadi ndani ya pua. Wangu umeziba. Machozi yanatuama kwenye kifuko chake, yanaoza. Kwanza dawa, uvimbe utulie. Kisha upasuaji, afungue njia mpya ya kuingia puani. Nikipuuza, uchafu unaweza kuenea hadi nyuma ya jicho, na jicho nikalikosa.

Nikamwuliza kama angeweza kuzibua nusu. Ya kutosha kwa afya, kidogo kibaki kwa saa za kazi. Daktari akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari.

Nimekwama. Nikipona, kiti kinakwenda kwa Msasa. Nisipopona, nitakuwa muuzaji chongo. Na miaka kumi na mitatu ya kubeba mbao kabla ya kupewa kiti hicho, je?

Jumatano, 20 Machi

Niko hai! Naandika pua imejazwa pamba.

Asubuhi, kabla sijasukumwa ndani, nilimwusia mke wangu kwamba nikifa Msasa asiguse vanishi ya jeneza langu. Akacheka. Kisha akalia, macho yote mawili. Sikujua pa kuweka uso. Nikasema asante, sijui ya nini hasa, na wakanisukuma.

Nimeamka yeye bado yupo, kashika viatu vyangu. Daktari amepita. Ametoboa kitundu kwenye mfupa kando ya pua, akaunganisha kifuko na pua, akapitisha mrija mwembamba laini ili njia isijifunge. Nisipenge kamasi. Nikipiga chafya, mdomo wazi. Nisibebe kizito, nisiiname, chai isiwe ya moto. Na kitanzi cha mrija kikichomoza konani mwa jicho, nisikivute. Nirudi hospitali.

Nimeitikia yote. Mungu ambariki mama yule. Mkono wake hautetemeki.

Jumatatu, 25 Machi

Aibu ya mwaka.

Nilisikia Msasa anakalia kiti. Changu! Mke wangu alipokwenda sokoni nikachukua kitunguu, nikakikata, nikakifunga ndani ya leso, nikaenda dukani. Daktari kasema nisiiname. Hakusema nisilie.

Akaingia mzee kumchukulia kaka yake jeneza. Nikajipangusa na leso. Machozi yakaja, tele! Hayakushuka shavuni. Yakapita njia mpya, yote, yakatokea puani. Kazi safi ya daktari! Nami siruhusiwi kupenga. Mzee wa watu anaagana na kakaye, mimi namchuruzikia kamasi. Kisha chafya. Mdomo wazi, kama nilivyoagizwa. Ikatua kwenye kifuniko chenye vanishi mbichi, na damu juu yake.

Mzee akapiga kelele kwamba nina mnyoo jichoni. Ni kitanzi cha mrija! Nikanyoosha mkono nikivute. Msasa akairuka meza, akanikamata mikono yote miwili, akasema nikiugusa atanipiga yeye mwenyewe. Kumbe mke wangu alimsomea masharti kwenye simu.

Bosi akatupeleka na pikapu ya duka. Sisi nyuma, kando ya jeneza la mteja mwingine, Msasa akikohoa, kanishika mikono kama bwana harusi. Barabarani watu walisimama wima, wakavua kofia.

Daktari aliurudisha mrija mahali pake. Akauliza kwa nini nanuka kitunguu. Nikasema nilikuwa napika. Mke wangu, aliyetufuata mbio kutoka sokoni, akamwambia tangu tuoane sijawahi hata kuchemsha maji.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nimeumia kuandika hivyo kumhusu Msasa, lakini nimeandika.

Jumatano, 27 Machi

Nyuzi za mshono kando ya pua zimetolewa. Daktari akapitisha maji ya chumvi kwenye kona ya jicho, akaniuliza nasikia nini. Nasikia chumvi! Kooni! Njia iko wazi. Sijawahi kuonja kitu kitamu hivyo.

Nikamtazama mke wangu. Miaka miwili nimemwona kama kupitia dirisha la mvua, leo nimeona hata kidoa cheusi juu ya nyusi. Nikalia. Kulia kwa kweli, mashavu yote mawili. Nimewashukuru daktari, nesi, na mfagiaji aliyekuwa anapita tu.

Bosi naye kaniita. Nikajua basi, kiti kimekwenda. Akasema wafiwa wanamwuliza yuko wapi yule bwana mkimya, maana Msasa anawaeleza vanishi hadi wanaondoka. Machozi hakuna aliyeyataja. Mmoja alidhani nina mafua. Mafua! Miaka miwili ya ustadi!

Kiti ni changu. Nimeomba Msasa awe anakikalia mchana, apumue mbali na vumbi. Nimemwomba anyamaze pia.

Alhamisi, 2 Mei

Mrija umetolewa, sekunde tu, nimekunja uso bure. Jicho kavu, pua shwari. Daktari akaniomba nizungumze na wagonjwa wanaoogopa upasuaji huu. Nikazungumza. Mama mmoja aliyekuwa amekataa katakata amekubali. Daktari akanishika bega, akasema nimemsaidia sana.

Nimerudi nyumbani nimejaa shukrani mpaka shingoni. Nimemwahidi mke wangu, hila basi. Lakini daktari yule nitamlipa nini? Mimi si mtu wa kuondoka mikono mitupu.

Ijumaa, 3 Mei

Nimepata! Asubuhi na mapema nilipita hospitali kabla hawajafungua milango ya upasuaji. Kwenye kila kiti cha wanaosubiri nimeweka kadi ya duka letu, ile nzuri yenye picha ya jeneza la mninga. Nyuma nimeandika kwa mkono wangu, kadi moja baada ya nyingine: Mgonjwa wa daktari huyu atapata punguzo.

Daktari amenipigia simu mara tatu tangu saa mbili. Nilikuwa na wateja, sikupokea. Mtu mwema sana yule, hana haja ya kunishukuru kiasi hicho. Kesho nitampelekea kadi zaidi.