Kiongozi Asome Kwanza

Mheshimiwa mwakilishi wa mheshimiwa aliyeshindwa kufika, wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na makaimu wa makaimu, maaskofu, masultani wa vijiji, wadau wa maendeleo mliokuja na magari meupe, mwalimu mkuu, na nyinyi wanafunzi mliosimama juani tangu saa mbili kwa hiari yenu: hamjambo? (Wanafunzi wanapangusa jasho.) Hamjambo sana!

Mimi, Mkurugenzi Kuach, nitasema Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo kila mtu hapa mtaani Gudele anaelewa nusu. Nimekuja kuzindua rasmi fremuweki ya Mkakati Jumuishi wa Kusoma Historia kwa Kuongozwa. Mwalimu wenu wa historia, Madam Priscilla kutoka Kenya, alituandikia mwaka jana kwamba darasa lake lina mchanganyiko: Santina amesoma kwa Kiarabu, Mathiang amerudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma na Kiswahili chake, wengine Kiingereza wanakisikia redioni tu, na kitabu cha historia, cha Kiingereza, kinawashinda wote. Akaomba vijitabu vyepesi, awagawe katika vikundi vidogo, awaongoze kusoma hatua kwa hatua. Jamani, huyu mama ana akili! (Makofi.) Ila alikosea jambo moja. Kuongoza ni kazi ya kiongozi, na mwalimu si kiongozi, ni mtumishi. (Mwalimu mkuu anapiga makofi peke yake.)

Basi tukarekebisha. Kila kikundi tukakipa mwenyekiti, na kwa kuwa ukimteua mmoja wengine wananuna, tukaongeza manaibu watano. Kikundi cha wanafunzi sita, viongozi sita! Wa kuongozwa watapatikana awamu ya pili. Tumefanya wokshopu nne Mombasa, hotelini ufukweni, na utafiti unaonyesha kwamba uelewa wa historia umepanda kwa asilimia themanini na saba nukta tatu, hasa miongoni mwa wakurugenzi. (Vicheko. Mlinzi anawakazia macho waliocheka.)

Naona mkono. Sema, binti yangu. (Santina: "Mheshimiwa, mtihani wa taifa ni Jumatatu. Historia nilishafeli mara moja, na baba amesema nikifeli tena, khalas, basi, naozwa. Hivyo vijitabu viko wapi?") Swali zuri sana! Mtoto akiuliza hivyo, ujue mkakati unafanya kazi. (Madam Priscilla anainama, anafuta macho.) Usilie, madam, hata mimi nimeguswa.

Haya, semeni nami. Kusoma! (Kuongozwa!) Historia! (Yetu!) Kiongozi! (Wanafunzi wanatazamana.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mchapishaji wa vijitabu, ambaye tutamtafuta mara tu tutakapompata mwandishi. Nawashukuru wanafunzi kwa utunzaji mwema: mwaka mzima wa mradi hakuna ukurasa hata mmoja uliochanika wala kuibwa, maana hakuna hata mmoja uliochapishwa. Nawe Santina, asante kwa swali lako. Kadi ya harusi niletewe ofisini mapema, ratiba yangu imejaa.